Kupika bila nyama baada ya kuhamia Tanga: mwongozo kamili wa vyakula mbadala, kuanzia sokoni hadi mezani

Nilipovuka mpaka wa Horohoro nikitokea Mombasa kuja kuolewa Tanga, nilikuwa nimetimiza miaka minane tangu niache kula nyama, na chini ya madera na leso zangu nilikuwa nimepanga pakiti sita za nyama ya soya kwa kuwa niliamini kwamba huku nisingeipata. Pakiti hizo zilikwisha katika mwezi wa pili. Wiki hiyohiyo nilikwenda soko la Mgandini kutafuta ndengu, zile punje ndogo za kijani ambazo kwetu Waswahili wengi huziita pojo, na mama muuzaji akanipimia kilo nzima ya punje za kahawia, ngumu, kila moja ina kijidomo kama cha kifaranga.

“Shikamoo mama. Mimi nimeomba ndengu.”

“Marahaba mwanangu. Na hizi ndizo dengu. Unazozitaka wewe za kijani ni choroko, ziko pale kwenye gunia la mwisho.”

Nilinunua zote mbili, kwa sababu niliona haya kurudisha kilo ambayo tayari imepimwa, na kilo ile ya makosa ndiyo iliyonifundisha kupika pilau isiyo na nyama, kama nitakavyoeleza mbele. Tangu siku hiyo nimewapokea wageni kadhaa waliohamia hapa kutoka Kenya, Omani na Uingereza, ambao hawali nyama kwa sababu ya afya, dini au moyo wao tu, na karibu wote walifika na hofu niliyofika nayo mimi. Mwongozo huu nimewaandikia wao.

Kwanza, jua nyama inafanya kazi gani katika chungu

Wengi hushindwa kwa sababu wanatafuta kitu kimoja cha kukaa mahali pa nyama katika kila pishi, na kitu hicho hakipo. Nyama katika chungu hufanya kazi nne: inatafunika, inatoa mafuta, inatoa supu yenye ladha, na inaujenga mwili kwa protini. Kabla hujanunua chochote, jiulize pishi unalolitaka linaitegemea kazi ipi. Katika mishkaki, kazi kubwa ni utafunaji na harufu ya moto wa mkaa. Katika pilau ni supu, wala vile vipande vyenyewe si muhimu sana. Katika mchuzi wa nazi, mafuta yanatoka kwenye tui, kwa hiyo unachohitaji ni kitu kinachofyonza mchuzi bila kuvurugika.

Ukishalitambua hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Fenesi changa hutafunika vizuri na huchambuka nyuzinyuzi kama kuku, lakini protini yake ni ndogo mno, takriban gramu 2 katika gramu 100, na mtu anayeila kila siku akidhani ameshapata badala ya nyama anaudanganya mwili wake. Nyama ya soya iliyokauka, kwa upande wake, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu zikiwa kavu zina kati ya gramu 20 na 25 katika gramu 100. Kwa hiyo kanuni yangu jikoni ni kwamba siku ya fenesi au uyoga lazima pawepo na jamii ya kunde pembeni, hata kama ni bakuli dogo la choroko.

Mahali pa kupata, na majina ya kuulizia

Anzia masoko ya Mgandini na Makorora kwa nafaka na jamii ya kunde. Mtu wa Kenya akumbuke kwamba maharagwe hapa ni maharage, ndengu zake ni choroko, na neno dengu ni la zile punje za kahawia zenye kijidomo. Majani ya dania hapa ni giligilani. Mbaazi, kunde na njugu mawe hazibadiliki jina, na mbaazi za nazi utazikuta asubuhi karibu kila kona ya Ngamiani, kwa hiyo katika siku zako za mwanzo, kabla hujapata hata jiko, mbaazi hizo na mahamri zitakushibisha vizuri kabisa. Karoti, kabichi na viazi vinavyoshuka kutoka Lushoto ni vizuri kuliko nilivyovizoea.

Soya ndiyo inayowapoteza wageni wengi, kwa kuwa wanaiulizia kama chakula cha jikoni, ilhali hapa inajulikana zaidi kama kiungo cha uji wa lishe wa watoto. Nenda kwa wauza nafaka au kwenye mashine za kusaga unga wa lishe, uombe soya nzima ambayo haijakaangwa. Neno “haijakaangwa” lisikutoke mdomoni kwa bahati. Lisisitize, kwa sababu wasagaji wengi huikaanga soya mapema ili kuondoa harufu, na iliyokaangwa haitoi tofu, ile jibini ya soya nitakayoieleza mbele, hata ukiibembeleza vipi. Punje nzuri zina rangi ya maziwa iliyoelekea manjano, na ukiuma moja hutaona weusi ndani.

Nyama ya soya ya vipande na ile ya kusaga, adesi, na unga wa dengu utavipata kwenye maduka ya Wahindi ya viungo katikati ya mji na kwenye maduka makubwa ya vyakula. Nyama ya soya haipatikani kila wiki, kwa hiyo ukiikuta nunua ya mwezi mzima. Fenesi changa huioni sokoni kwa sababu wauzaji hungoja liive na linukie; hiyo ni ya kuagiza. Mwambie muuza matunda anayeleta mzigo kutoka Muheza kwamba unataka fenesi bichi la ukubwa wa nazi isiyofuliwa, na umlipe kama vile ungenunua lililoiva, kwani anapolikata mapema anapoteza tunda ambalo lingekuwa kubwa. Uyoga nunua wa kulimwa tu. Wa porini uwaachie wanaoujua tangu utotoni, kwa kuwa aina zenye sumu hufanana sana na zinazolika, na kuuchemsha uyoga wenye sumu hakuuondolei sumu yake.

Namna ya kusema kwamba huli nyama

Hili ni jambo dogo ambalo limewaharibia wageni wangu milo mingi. Ukimwambia mama lishe “sili nyama”, yeye atasikia kwamba huli ng’ombe na mbuzi, na kwa ukarimu atakuletea kuku, au samaki, maana tuko pwani na samaki kwa watu wengi si nyama. Taja kila kimoja: “Mama, mimi sili nyama, sili kuku, sili samaki wala dagaa.” Kisha uliza kama maharage yamepikwa kwa supu ya nyama, na kama chipsi zimekaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa kuku. Vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi visome nyuma ya karatasi, kwani vingine vimetengenezwa kwa mafuta ya ng’ombe au ya kuku.

Nyumbani kwa wakwe ni adabu zaidi kuliko maelezo. Mimi nilimwendea mavyaa wangu jikoni, kabla ya siku ya wageni, nikamwomba ruhusa ya kupika chungu kimoja cha ziada, na nikahakikisha kinatosha watu wote wala si mimi peke yangu. Mwenye kukaa pembeni na kibakuli chake huwatia watu simanzi.

Nyama ya soya: jinsi ya kuipika isinuke wala isiwe sponji

Gramu 200 za vipande vikavu zinatosha watu watano au sita, kwa kuwa huvimba zaidi ya mara mbili. Chemsha maji mengi, utie kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chakula cha siki, kisha utumbukize vipande vichemke dakika 8 hadi 10. Mwaga maji hayo yote. Watu wengi hushikwa na huruma wakayabakiza kama supu, na hapo ndipo pishi lote linaponuka soya, kwa maana ile harufu nzito ya kunde mbichi imeingia katika maji hayo. Suuza kwa maji baridi, kamua kipande kimoja kimoja katika kiganja mpaka pasitoke tone, suuza tena, kamua tena. Mara ya pili utaona maji yanayotoka hayana tena povu la manjano.

Sasa kipande kiko kama kitambaa kikavu, na kitakinywa chochote utakachokipa kwanza. Usikipe maji. Changanya tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, juisi ya ndimu moja, chumvi, pilipili manga, na nusu kikombe cha mtindi ambao hapa Tanga ni mzuri na unapatikana kila mahali. Asiyekula maziwa atumie tui zito. Acha vipande vilale humo nusu saa, halafu vikaange kwa mafuta kiasi mpaka kingo zigeuke kahawia na kuanza kukakamaa. Bila kukaanga huku hutapata utafunaji, utapata ulaini tu.

Mchuzi wenyewe ni ule unaoujua. Kaanga kitunguu, tia nyanya na binzari, kaanga mpaka mafuta yajitenge, weka vipande, mimina tui la pili na uache kwa moto mdogo dakika 15 ili vipande vinyonye. Tui la kwanza liingie mwishoni, uzime mara tu linapoanza kutokota, lisije likakatika. Kwa sambusa tumia ile ya kusaga, ambayo haihitaji kuchemshwa: imwagie maji ya moto yenye chumvi, ifunike dakika 10, ikamue ndani ya kitambaa, kisha uikaange na vitunguu vingi, pilipili mbichi na giligilani mpaka ikauke kabisa, kwani unyevu ndio unaopasua sambusa kwenye mafuta.

Tofu ya nyumbani, yaani jibini ya soya

Tofu ya dukani ni shida kuipata hapa na hufika imechoka, lakini kuitengeneza si kazi ngeni kwa mtu aliyewahi kukamua tui. Ni ufundi wa Kichina wa karne nyingi, na vyombo vyake vyote viko katika jiko la pwani.

Roweka nusu kilo ya soya kwa saa 8. Kwa joto la hapa, hasa kati ya Desemba na Machi, badilisha maji mara moja katikati, la sivyo soya itachacha na tofu itakuwa na uchungu. Zikishavimba, zisugue katika maji ili maganda yaelee, yamwage, kisha usage soya kwa blenda pamoja na lita 4 za maji kidogo kidogo, au uitwange kwenye kinu ukiongeza maji kama unavyofanya nazi. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, ukamue kwa nguvu. Makapi usiyatupe.

Maziwa yaliyopatikana yaweke katika sufuria ambalo yanalijaza nusu tu. Siku yangu ya kwanza nilitumia sufuria dogo juu ya jiko la mkaa, nikageuka kumjibu mtu mlangoni, na povu likapanda likazima mkaa wote. Koroga bila kuondoka, ukikwaruza chini, na yakishachemka yaache dakika 10 hadi 15 kwa moto mdogo. Hatua hii haipunguzwi, kwa maana soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng’enya protini, na moto ndio unaoviondoa nguvu.

Epua, subiri dakika tano. Kamua ndimu upate vijiko sita vya chakula, ichanganye na kikombe kimoja cha maji, kisha umimine theluthi yake huku ukizungusha mwiko taratibu mara mbili tu. Subiri kidogo, mimina theluthi ya pili juujuu, subiri, halafu ya mwisho, na ufunike dakika 15. Mavyaa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu tulipofunua siku ile. Maziwa yalikuwa yamegawanyika, mabonge meupe yanaelea kama pamba iliyotota, na kati yake maji ya manjano hafifu unayoweza kuona mpaka chini ya sufuria. Akasema, “Kumbe ni kama maziwa yakikatika,” na kwa hakika ndivyo ilivyo. Kama maji bado ni meupe, ndimu haijatosha. Ongeza kijiko kimoja kimoja.

Tandika kitambaa ndani ya chujio, mimina mabonge, kunja kitambaa juu yake, weka sahani na juu ya sahani sufuria yenye lita mbili za maji kwa nusu saa. Ukitaka ya kukaanga, iache saa nzima. Utapata kati ya gramu 600 na 800, kutegemea ulivyokandamiza. Tofu ya ndimu ina uchachu kidogo, kwa hiyo mimi huipika katika vitu vinavyoupenda uchachu: ikatwe mapande, ipakwe chumvi, manjano na pilipili, ikaangwe mpaka itengeneze ngozi, kisha iingie kwenye mchuzi wa ukwaju au wa nyanya. Yale makapi nayo bado ni soya mbichi, kwa hiyo yachemshe kwanza kama ulivyochemsha maziwa yake, kisha yachanganye na viazi vilivyopondwa, kitunguu, giligilani na unga wa dengu kidogo ili vishikane, ufanye katlesi. Zinashinda katlesi nyingi za nyama nilizoona watu wakizila.

Fenesi changa ya kupaka

Paka mafuta ya kupikia mikononi, kwenye kisu na kwenye ubao kabla hujaligusa, kwani ulimbo wake ukishika chuma kikavu utakaa wiki nzima. Menya ganda la kijani, kata vipande vyenye unene wa vidole viwili pamoja na mbegu zake ambazo bado ni nyeupe na laini, uvitumbukize papo hapo katika maji ya ndimu visigeuke vyeusi. Chemsha kwa chumvi dakika 40 mpaka uma uingie bila kusukuma, na uchuje vizuri.

Kisha fuata njia ya kuku wa kupaka: vipande vilale katika tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili kwa saa moja, vichomwe juu ya mkaa mpaka vipate madoa meusi, huku pembeni tui zito limechemshwa na manjano, pilipili na chumvi hadi likawa la kupaka. Paka, geuza, paka tena. Wageni wa Mombasa na wa Tanga wamewahi kuniuliza ni kuku wa wapi.

Pilau, na ile kilo ya dengu

Kabla ya pilau, gluteni ya ngano, yaani ile protini ya unga inayovutika kama mpira, niipitie haraka, kwa kuwa ni ya mishkaki tu. Kanda kilo ya unga mweupe kwa mililita 600 za maji, uache saa moja, kisha uoshe donge hilo ndani ya beseni ukibadilisha maji mpaka yasiwe tena kama maziwa. Litabaki donge la mpira la robo kilo au zaidi kidogo. Likate, lichemshe kwa moto mdogo sana dakika 45 katika maji yenye viungo na chumvi, kisha ulitie viungo vya mishkaki na ulichome. Maji yakitokota kwa nguvu litakuwa sponji. Mwenye mwili usiopatana na ngano asiliguse.

Pilau ni habari nyingine, kwa kuwa hapo kinachokosekana ni supu. Roweka gramu 300 za dengu usiku kucha, zichemshe kwa maji mengi na kipande cha tangawizi, punje za kitunguu saumu na mdalasini kwa saa moja na nusu hadi ziive bila kupasuka. Maji yake yatakuwa mazito, ya kahawia, yanayoshika vidole kidogo kama supu ya mifupa. Hayo ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta. Kaanga vitunguu vinne vikubwa mpaka viwe rangi ya kahawa, kwa subira ya dakika 20, kwani rangi na utamu wa pilau isiyo na nyama vinatoka hapo. Tia kitunguu saumu, binzari nyembamba, pilipili manga, karafuu na iliki, viazi vilivyokatwa nusu, dengu zenyewe, halafu supu kwa kipimo cha kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Palia mkaa juu ya kifuniko kama kawaida.

Yasiyoonekana katika sahani

Vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika chakula cha mimea, hata soya. Anayekunywa maziwa na kula mayai ana njia. Asiyetumia chochote cha mnyama ameze vidonge vyake na amwambie daktari, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha. Madini ya chuma ya kwenye kunde huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na ndimu, embe bichi au kachumbari, na hupungua ukinywa chai pamoja na chakula, kwa hiyo chai isogeze mbele kwa saa moja. Mwenye mzio wa soya ajenge mlo wake juu ya choroko, mbaazi na dengu.

Unyevunyevu wa pwani huharibu akiba upesi. Nyama ya soya ikae katika kopo la kifuniko cha kukaza. Kunde na dengu zianikwe juani kila baada ya wiki mbili ili bungua asizaliane. Tofu ikae ndani ya maji kwenye friji, maji yabadilishwe kila siku, na iliwe ndani ya siku nne au tano. Chochote kilichotiwa tui kiliwe siku ileile, na kikibaki kiingie kwenye friji mara tu kinapopoa, kisilale mezani hadi asubuhi.